Tulipohemea Mahindi ya Njano

Kwetu mtu haendi kuhemea mikono mitupu. Ukiishiwa chakula, ukasikia kwamba upande fulani mvua ilinyesha vizuri, unabeba kikapu na kufunga safari, lakini ndani ya kikapu unatia kitu: kuku, au kibuyu kidogo cha asali, au chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa, au jembe kuukuu ambalo bado linalima. Ukifika husemi una njaa. Unasalimia, unakaa, unauliza habari za watoto na ng'ombe. Kile ulichokuja nacho kinapokelewa kwa mikono miwili na kupelekwa ndani, na kesho yake kikapu chako kinarudi kimejaa mtama. Hakuna aliyeomba. Mwaka mwingine mvua itamkosa yeye, naye atakuja kwako na kuku wake.

Desturi hiyo ni kongwe kuliko reli. Babu zetu waliobeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na pwani walihemea njia nzima, kwa shanga na kwa chumvi, na waliporudi walisimulia nani aliwapokea vizuri na nani aliwatazama kama mbwa. Naeleza haya mwanzoni kwa sababu mtu asiyeyajua atadhani mambo yaliyotokea ghalani yalikuwa habari ya hongo tu. Ndivyo yalivyoandikwa, na mimi nilisaidia kuyaandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mjini Tabora. Matokeo hayakuwa mabaya, lakini hayakutosha kunipeleka mbele, kwa hiyo nikarudi kwa kaka yangu. Nilimwacha porini, kwenye nyumba iliyozungukwa na mizinga ya nyuki. Nilimkuta katika kijiji kipya cha ujamaa, maili chache kutoka kituo cha Igalula, nyumba zimepangwa mstari kama mabehewa. Wahamishaji wa serikali walikuja kabla ya mavuno. Mtama ulibaki kwenye mashamba ya zamani ukaliwa na ndege, na msimu uliofuata mvua haikunyesha. Watu walikula michembe, viazi vyao vilivyokaushwa, mpaka ikaisha, wakala uyoga, wakaanza kuchimba mizizi ambayo hata majina yake vijana hatukuyajua.

Mimi nilikuwa na njaa ya aina nyingine. Relini walikuwa wanatafuta makarani. Masharti yalikuwa cheti cha shule na barua ya kijiji yenye muhuri, inayothibitisha kwamba mwombaji ni mwaminifu na ameshiriki kazi za kujitolea. Cheti nilikuwa nacho. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba barua.

"Umejitolea nini?" akaniuliza.

"Bado, mzee. Ndiyo nimerudi."

"Sasa niandike umejitolea, na watu wanakuona umejilaza kwa kaka yako unasoma gazeti la mwezi uliopita? Kuna mahindi yanakuja na treni. Nenda ghalani. Mahindi yakiisha, barua utaipata."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujitolea. Neno lenyewe lilikuwa tamu siku zile. Tulilisikia redioni na kuliimba shuleni, na mtu akilitaja kifua kilijaa. Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya barua, na sitaki kujidanganya kwamba kulikuwa na jambo jingine.

Ghala lilikuwa duka la zamani la Mhindi aliyekuwa akinunua nta na karanga, ambaye alikwisha kuhamia mjini. Kuta zilikuwa bado zinanukia asali. Tulikuwa watu watatu. Wa kwanza ni bwana ghala, mtu mpole aliyetembea na funguo shingoni na kuogopa kila kitu chenye magurudumu. Akisikia gari mbali alianza kufuta meza. Wa pili ni mama mmoja mjane mwenye watoto wawili, msichana wa darasa la sita na kaka yake mdogo. Huyu alipanga foleni, akaita majina, akaamua ugomvi. Wa tatu ni mimi, niliyepima kwa kopo la bati, kopo kwa kila kichwa.

Mahindi yalikuwa ya njano. Watu wa kwetu walizoea meupe, na gunia la kwanza lilipofunguliwa foleni yote ilisogea kutazama.

"Haya yana homa ya manjano," alisema mwanamke mmoja.

"Wewe kula tu, mayo," mama yule akamjibu. "Ukifa, angalau utakufa umeshiba."

"Wanasema kwao huko wanalisha farasi."

"Basi kesho utakuwa unakimbia, mumeo hatakupata tena."

Wakacheka. Kila siku alikuwa hivyo. Kulikuwa na watu waliotembea tangu alfajiri wakafika miguu inatetemeka, naye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwachekesha.

Siku ileile ya kwanza alikuja mwanamke mmoja, mtu mzima, amejifunga khanga mbili safi kama anakwenda harusini. Akasalimia, "Mwangaluka," akanyoosha mkono chini ya khanga, akatoa kuku na kumweka juu ya meza, juu ya karatasi zangu.

"Mama," nikamwambia, "chakula hiki ni cha bure. Chukua kuku wako."

"Cha bure?"

"Bure kabisa. Hudaiwi kitu."

Akanitazama kama nimemtukana. "Kwani mimi nimekuja kuomba?" Akamchukua kuku, akachukua kikapu kitupu, akageuka akaondoka.

Yule mama akamfuata mbio. Niliwaona kwa mbali wakizungumza, wakashikana mikono, wakarudi wanacheka. Alimpokea kuku kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akashukuru, "Wabeja, wabeja sana, dada yangu," kisha akanipa ishara kwa jicho nipime. Nikapima. Mwanamke yule alipoondoka, mama akanijia sikioni.

"Msomi, kule shuleni walikufundisha kuwavua watu nguo hadharani?"

"Serikali imesema ni bure, mama."

"Serikali haikai naye nyumba moja. Wewe pokea, ushukuru. Baada ya hapo niachie mimi."

Alipanga mambo yake hivi. Nyuma ya ghala aliweka mafiga matatu na sufuria kubwa ya kuazima. Kuku walioletwa walipikwa mchuzi, na uji ulikorogwa kwa asali iliyoletwa. Walikula waliotoka mbali. Walikula vikongwe. Walikula hasa wale ambao hawakuwamo kwenye orodha: familia zilizoteremka kutoka upande wa Nzega na ng'ombe wawili watatu waliobaki mifupa, ambazo hazikuwa na kijiji wala balozi wa nyumba kumi wa kuwasemea. Hao kopo langu halikuruhusiwa kuwapimia. Sufuria yake haikuwauliza kitu. Chumvi aliigawa kwa vijiko. Majembe aliyagawa kwa waliokuwa hawana, akisema mvua itakuja tu, watalimia nini? Sikumwona hata siku moja akipeleka kitu nyumbani kwake isipokuwa manyoya ya kuku, aliyokuwa akijazia mto.

Bwana ghala alikula, akajifuta mdomo. Mimi nilikula pia, kuliko wote, maana nilikuwa kijana na kazi ya kupima inachosha mabega. Na nilimpelekea kaka asali. Mara tatu, labda nne.

Watu huniuliza, nikiwasimulia habari za mwaka ule, kama tulipata faida yoyote kwa kazi isiyo na mshahara. Nilipata. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, kwenye vituo vya reli, kwenye maghala ya tumbaku Ipole, kwenye boti za dagaa Kigoma, na hakuna iliyonipa usingizi mzuri kama ile. Jioni nilikuwa nanawa vumbi la njano kichwani na kukumbuka nyuso. Wazee walianza kunisalimia kwa jina la ukoo wetu, jambo ambalo hawalifanyi kwa mtu anayesoma magazeti ya zamani. Kikongwe mmoja alinishika kiganja akakitemea mate kidogo, baraka za kwetu, nikakaa na mkono ule bila kuunawa mpaka asubuhi. Nilikuwa nimeanza kusahau barua. Nasema nilikuwa nimeanza, kwa sababu ilipokuja kutajwa nilikumbuka mara moja.

Magunia yalipobaki machache ndipo gari lilipokuja. Bwana ghala alilisikia kabla yetu, akaanza kufuta meza. Alishuka afisa kutoka mjini, kijana, hakunizidi miaka mingi, amevaa suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne. Alimwita kila mtu ndugu. Alipima kopo letu, akalilinganisha na lake, akaridhika. Alihesabu magunia, akaridhika. Hakuwa mtu mbaya. Mara nyingi nimetamani angekuwa mbaya. Alikuwa ametoka kwenye maghala mengine ambako watu walikuwa wakiuza mahindi ya msaada waziwazi, na hasira ya huko alikuwa bado hajaimaliza.

Kisha akazunguka nyuma. Siku ile kulikuwa na kuku saba wamefungwa miguu, vibuyu vitano vya asali, mafungu ya chumvi, na mbuzi mmoja dume aliyeletwa na balozi aliyetaka kuwazidi mabalozi wengine. Sufuria ilikuwa inachemka.

"Hivi ni vya nani?"

Bwana ghala akasema hajui, yeye anashika funguo tu. Yule mama akasema, "Ni vya watu, baba. Karibu mchuzi." Kwa kweli alimkaribisha. Alikuwa tayari ameshika bakuli.

Afisa hakuchukua bakuli. Akaingia katika chumba kidogo cha ghala pamoja na mwenyekiti, wakaita mmoja mmoja. Nilipoingia mimi, niliona kwenye meza, mbele ya mwenyekiti, karatasi iliyopigwa chapa. Niliisoma kichwa chini miguu juu. Ilikuwa barua yangu. Jina langu lilikuwapo na maneno "mwaminifu" na "kujitolea". Muhuri ulikuwa haujapigwa.

"Ndugu, wewe umesoma," afisa akaniambia. "Niambie bila kuficha. Vitu vile ni vya nini?"

"Ni desturi," nikasema. "Watu wa huku wakija kuhemea..."

"Wakija kufanya nini?"

"Kutafuta chakula. Wanakuja na kitu."

"Wanakuja na kitu wapewe chakula ambacho ni haki yao. Huko kwetu kuna jina la desturi hiyo." Akamtazama mwenyekiti. "Huyu ndiye anayetaka kwenda relini?"

"Ndiye," mwenyekiti akasema, akaisogeza karatasi kidogo upande wake. Alikuwa anatokwa jasho. Naye alikula mchuzi ule, Jumamosi mbili mfululizo.

"Nani anavipokea?" afisa akauliza.

Nilikuwa na Kiswahili cha kutosha kumweleza. Nilikuwa mtu pekee kijijini ambaye angeweza kumweleza kwa lugha aliyoizoea, kwa sentensi za kikao, habari ya mwanamke wa khanga mbili aliyetaka kuondoka na njaa yake. Ingechukua dakika tano. Nikaitazama barua.

"Anavipokea yule mama," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi napima tu."

Akaandika. Sikusema uongo. Nimejiambia hivyo katika vyumba vya kulala wageni kutoka Kaliua mpaka Mbeya, kwamba hata neno moja katika yale niliyosema halikuwa la uongo. Mwenyekiti akapiga muhuri. Sauti ya muhuri ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea.

Alasiri ileile watu wakaitwa uwanja wa shule. Yule mama akasimamishwa mbele. Alikuwa bado anatabasamu, maana alidhani watamshukuru au watamkanya kidogo, na yote mawili aliyaweza. Afisa akazungumza vizuri. Alisema kwamba tulipata uhuru ili mtu asinunue haki yake, kwamba chakula kile ni cha wananchi, na kwamba mtu anayepokea kuku wa mwenye njaa ni mnyonyaji hata kama amevaa khanga. Watu wakapiga makofi. Yalikuwa maneno mazuri.

"Sasa msiogope," akasema. "Nani kati yenu ametoa kitu chochote kwa mama huyu? Asimame, aseme."

Hapo ndipo kijiji kilipommaliza, na kilifanya hivyo kwa kumpenda. Walichosikia wao ni mtu anauliza kama walikuja ghalani kama ombaomba au kama watu wenye kwao. Mzee mmoja akasimama kwa fimbo yake, kifua mbele.

"Mimi! Kuku wawili. Jogoo na tetea. Na jogoo alikuwa mnene."

"Jogoo alikuwa wangu, mwongo wewe!" mkewe akamkatiza, watu wakacheka.

"Mimi asali," akasimama mwingine. "Kibuyu kizima."

"Kizima wapi, nilikiona mimi, kilikuwa nusu!"

"Nusu ya kibuyu changu inazidi kizima chako!"

"Andika, bwana! Mimi tangu ghala lifunguliwe sijaja mikono mitupu hata siku moja. Andika!"

"Na mimi! Chumvi, mara nne!"

Walikuwa wanashindana. Wengine, nina hakika, walitaja vitu ambavyo hawakuvitoa. Balozi wa mbuzi alisimama mwisho na kumtaja mbuzi wake kwa rangi na umri. Afisa aliandika mpaka karatasi ikaisha, akaomba nyingine.

Yule mama alielewa kabla yao. Nilimwona uso ukibadilika. "Nyamazeni," akasema. "Jamani, nyamazeni!" Wakadhani anaona haya kusifiwa, wakazidi kupiga kelele. Ndipo akaanza kutazama huku na huku akinitafuta, akaniona nimesimama nyuma ya mwenyekiti.

"Msomi! Si uwaeleze? Wewe si unajua? Mwambie huyu baba!"

Watu wote wakageuka. Afisa naye akageuka. Barua ilikuwa ndani ya shati langu, nimeikunja mara mbili, na karatasi mpya inachoma ngozi kidogo kwenye mikunjo. Nikatazama chini. Nikasikia afisa akisema, "Ndugu huyu amekwisha kueleza."

Walimwondoa ghalani na kulifuta jina lake kwenye orodha ya chakula mpaka mavuno, yeye na watoto wake. Kuku na mbuzi walipakiwa garini kama ushahidi. Watu walipoelewa walichokifanya, baadhi walikwenda kwake jioni na michembe na maji. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawapa wageni vigoda. Mimi sikwenda. Siku chache baadaye aliondoka na watoto kwa treni kwenda mjini. Nasikia watu wengi walimsindikiza kituoni. Nilikuwa kazini.

Bwana ghala alibandika karatasi mlangoni kwamba ni marufuku kuleta kitu chochote, nikaiandika mimi kwa herufi kubwa. Watu wakaanza kuja mikono mitupu. Sijui nieleze vipi tofauti yake. Walisimama kwenye foleni wakiwa wameachana hatua kadhaa, wanaume hawakuja kabisa, wakawatuma watoto. Hakuna aliyesalimia kwanza. Walinyoosha vikapu bila kunitazama usoni, na nilipomimina walitazama kopo, kama nitawapunja. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kulitazama kopo. Familia za kutoka Nzega zilikaa kivulini mwa ghala siku mbili zikitazama mafiga yaliyopoa, kisha zikaondoka na ng'ombe mmoja. Mwanamke wa khanga mbili hakuja tena. Niliuliza, nikaambiwa yupo, anachimba mizizi.

Magunia yakaisha. Nilipanda treni nikaenda kuonyesha barua, nikapata kazi.

Nilikaa relini mwaka na miezi kadhaa, katika vituo vidogo ambapo treni mbili zikipita siku imekwisha. Nilikuwa na chumba, kofia, na mshahara uliofika kwa wakati. Asubuhi moja nilitundika kofia kwenye msumari, nikapanda treni niliyotakiwa kuipungia bendera, nikashuka Kigoma. Sikuwa na sababu ambayo ningeweza kumweleza mtu. Tangu hapo nimekuwa hivyo. Nakaa mahali mpaka watu waanze kunisalimia kwa jina la ukoo, kisha naona miguu inawasha.

Mwaka juzi nilikuwa Tabora nikingoja treni ya Mpanda, ambayo ilikuwa imechelewa kwa siku nzima. Kijana mmoja wa kwetu niliyekutana naye stesheni aliniambia kwamba yule mama yuko hai, anakaa mtaa wa Cheyo, hapohapo mjini. Nilinunua sukari na sabuni, nikauliza njia.

Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, nywele nyeupe zote, mwili umepungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani?"

"Ni mimi. Tulikuwa wote ghalani, mwaka wa mahindi ya njano."

Akanitazama kwa muda, akiwa ameinua ungo. "Msomi!" akasema, akacheka kwa sauti ileile. "Mbona umezeeka hivi, na mimi nipo?" Akapokea sukari kwa mikono miwili, akanipa kigoda.

Tulizungumza karibu saa nzima. Aliniambia alifua nguo kwa familia ya mwenye duka mmoja mjini mpaka mikono ikakataa. Kijana wake ni fundi baiskeli. Msichana hakurudi shule. Mwaka ule walipofika mjini alipata kazi ya kulea watoto, basi, akaishia darasa lilelile, sasa ana watoto wake mwenyewe. Alilisema hilo huku akitupa kokoto ya mchele. Aliniuliza habari za bwana ghala, nikamwambia amefariki. Akasema, "Maskini, gari gani lilimchukua?" tukacheka wote wawili, na kwa kucheka huko nikapata ujasiri.

"Mama, siku ile, na yule afisa..."

"Najua ulichosema. Mwenyekiti alinisomea kabla sijaondoka. 'Anavipokea yule mama.'" Aliendelea kuchambua. "Ulisema kweli. Nilikuwa navipokea."

"Ningeweza kusema zaidi."

"Ungeweza." Akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Ulikuwa unataka kazi. Nilijua tangu siku ya kwanza. Kila mtu alijua, ulikuwa unamwamkia mwenyekiti mara mbili kwa siku." Akatabasamu. "Uliipata?"

"Niliipata, mama. Relini."

"Haya. Sasa utakuwa umekaribia kustaafu. Watu wa reli wana kiinua mgongo kizuri, nasikia."

"Siko tena relini. Niliacha."

"Walikufukuza?"

"Hapana. Niliacha mwenyewe."

"Baada ya miaka mingapi?"

"Mwaka na kitu."

Mikono yake ikasimama juu ya mchele. Muda wote ule, tangu nifike, na hata alipoyataja maneno yangu ya chumbani, sikuwa nimeona hasira usoni mwake. Sasa niliiona ikipanda polepole, kama alikuwa haiamini mwenyewe.

"Mwaka," akasema.

"Nilichoka kukaa mahali pamoja."

"Mimi nilikuwa najiambia," akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, "nikiwa nafua mashuka ya watu, nikiwa namtazama huyu mtoto anakwenda kulea watoto wa wenzake. Najiambia, haya, yamepita, angalau yule kijana wa watu anakula. Kuna mtu amekula." Akanitazama. "Miaka yote hiyo, msomi. Nimekuombea dua kwa ajili ya kazi ile."

Nilisema samahani, na lilisikika dogo, kama neno la mtu aliyekukanyaga sokoni.

Akauweka ungo chini. Akajinyanyua kwa kushika ukuta, akaikung'uta khanga yake, akasimama mlangoni akinipa mgongo. Ndani kulikuwa na mtu anakoroga chungu. Kisha akageuka nusu, akaniuliza, kwa adabu tunayompa mgeni tusiyemjua, kama nitakula au ninaondoka.

Nikasema ninaondoka.